Fundi Mihuri Aliyesoma Mstari wa Mwisho

Kwa miaka ishirini na sita fundi mihuri alikaa mahali pamoja: kwenye kibaraza cha jengo la mawakili, mgongo ukutani, meza ndogo mbele yake, taa ya shingo ndefu upande wa kushoto. Alichonga mihuri ya mpira kwa mkono. Mashine za kuchongea mihuri zilikuwa zimeshaingia mjini siku nyingi, na muhuri wa mashine ulikuwa tayari kabla mteja hajamaliza kikombe cha chai, lakini bado walikuwapo watu waliomtaka yeye. Wake ulidumu, na kuuigiza ilikuwa shughuli pevu. Alizichonga herufi kinyumenyume, nyingine ndogo kuliko punje ya mchele, kisha akausogeza mpira mbele ya kioo cha kunyolea ndevu na kuzisoma moja moja.

Watu wa mtaa ule walimwita Mheshimiwa, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Unampungia mkono, anakutazama kama ukuta. Unamnyooshea mkono umsalimie, unabaki unaning'inia hewani kama shati kwenye kamba. Mama muuza mboga, aliyekuwa jirani yake kibarazani, alikuwa na usemi wake: "Yule ukitaka akusalimie, mpelekee barua, naye aigonge muhuri."

Ukweli ni kwamba hakuwa akiwaona. Tangu utotoni giza likianza kuingia yeye alikuwa kipofu kabisa, na mama yake alidhani mtoto ni mwoga. Alipofika miaka thelathini hivi, hata mchana ulianza kumpungua. Ulipungua kutoka kandoni, polepole mno, hata hakukuwa na siku ambayo angeweza kusema ndiyo ilianza. Alichobaki nacho ni tundu katikati. Ndani ya tundu hilo kila kitu kilikuwa safi: ncha ya kisu, ukingo wa herufi, vumbi la mpira. Nje ya tundu hakukuwa na weusi wala ukungu. Hakukuwa na kitu tu, mpaka kitu hicho kimgonge.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na mbinu zake. Alihesabu hatua. Aliwahi kila mahali ili watu wamkute ameshakaa. Kwenye harusi alichagua kiti cha pembeni na hakuinuka hadi mwisho. Na akipiga teke ndoo nyumbani, alikuwa mkali papo hapo: "Nani ameweka ndoo njiani?" Ukali ulimsaidia sana. Mtu anayegombezwa hana nafasi ya kuuliza maswali.

Jumanne moja, jua likiwa utosini, mafundi wa bomba walikuwa wamechimba mtaro kando ya barabara na kufunga utepe mwekundu huku na huku. Utepe haukuingia kwenye tundu lake. Alitumbukia mzimamzima, akaangukia mkono wa kushoto, nao ukavunjika mahali pawili. Akiwa bado chini, udongo mdomoni, alisikia mtu juu yake akisema, "Mheshimiwa leo kalewa mapema." Watu wakacheka. Hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, lakini alinyamaza. Aliona ni afadhali wamdhanie mlevi.

Hospitalini, daktari aliyemfunga plasta aliuliza ilikuwaje asione shimo kubwa kiasi kile saa sita mchana. Fundi alianza kusema kwamba alikuwa na mawazo. Mkewe, mpishi wa shule ya bweni, aliyekuja mbio bila hata kuvua aproni, alimkata kauli.

"Haoni pembeni, daktari. Ana miaka mingi haoni."

Fundi aligeuka kumtafuta. Ilimchukua muda kuupata uso wake, na alipoupata, mkewe alikuwa anatazama plasta.

Ndivyo alivyofika kwa daktari wa macho, mwanamke wa makamo mwenye mzaha. Alimkalisha mbele ya mashine iliyofanana na bakuli kubwa, kidevu kwenye kishikio, akamwambia abonyeze kitufe kila akiona nukta ya mwanga. Fundi alikaa, akabonyeza mara chache, akaanza kushangaa kwa nini kipimo kinaisha haraka hivyo. Baadaye daktari alimwonyesha karatasi: duara jeusi, na katikati yake kitobo cheupe.

"Baba, mtu wa kawaida hili duara kwake ni jeupe karibu lote. Wewe unachungulia dunia kwa mrija wa soda. Kwa sheria huu ni ulemavu wa kuona. Una haki ya posho ya ulemavu. Kuna fomu ustawi wa jamii, mimi nitakujazia sehemu yangu."

"Daktari, mimi si kipofu. Hiyo kalamu yako imeandikwa jina la dawa, herufi ndogo kabisa. Nikusomee?"

"Nisomee."

Akasoma, bila kukosea.

"Vizuri. Sasa mkono wangu mwingine nimeshika nini?"

Fundi aliyatembeza macho. Alipita kifuani kwa daktari, akapita begani, akashuka, akaipata meza, akaupoteza mkono, akarudi juu. Alipokipata kikombe, daktari alikuwa ameshakunywa chai na alikuwa anakirudisha kwenye kisahani. Daktari alichukua kalamu iliyoandikwa jina la dawa na kuanza kujaza.

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne. Ilikaa juu ya kabati wiki mbili, na kila aliyepita alijifanya haioni. Jumapili moja baada ya chakula mkewe aliishusha, akafuta meza, akakaa. Mkono wa fundi ulikuwa bado kwenye plasta, kwa hiyo mkewe ndiye aliyeandika.

"'Je, mwombaji anaweza kula bila msaada?'"

"Ndiyo."

Akaandika.

"'Je, mwombaji anaweza kutembea peke yake mahali asipopazoea?'"

"Ndiyo."

Kalamu haikusogea.

"Si uandike," alisema fundi.

"Nikuulize kwanza, baba watoto. Kwa nini mimi hukohoa tukifika kwenye ngazi?"

"Una kifua."

"Sina kifua. Nakukoholea ngazi mwaka wa kumi na moja huu."

Fundi alianza kucheka, akaacha. Mkewe aliendelea kwa sauti ileile ya kuagizia mkaa. Kikombe chake huwekwa kulia daima, palepale, na mtoto aliyekiweka kwingine alifinywa. Binti yao mkubwa akienda kumpokea kituoni huvaa gauni la njano, analo moja tu na limeshapauka, lakini halitupi. Na hiki chumba, viti havijahama tangu kitinda mimba anaanza shule.

Hilo la viti ndilo lililomchoma. Mara ngapi amemlalamikia dada yake kwamba amepata mke mvivu, asiyejua hata kupanga sebule upya kama wake za wenzake.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie nini? Kwamba huoni? Si ulikuwa unajua."

"Nyinyi mlijuaje?"

"Mume wangu," alisema mkewe, "tunaishi na wewe."

Fundi aliinuka, akaenda kusimama uani. Miaka yote hiyo alijiona amebeba mzigo wake peke yake, mgongo umenyooka, wala hakuna aliyejua. Kumbe nyumba nzima ilikuwa imetia mkono chini ya mzigo, kimyakimya, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kusema. Alisikia aibu. Na chini ya aibu, kitu kingine ambacho hakukipatia jina, karibu kama kupumzika. Alikaa huko kwa muda, kisha akarudi kwenye kiti chake.

"Andika hapana."

Walikwenda hivyo ukurasa kwa ukurasa mpaka saa kumi na nusu. Anaweza kumwaga maji ya moto bila kuungua? Siku nyingine. Anaweza kuvuka barabara? Hapana. Anaweza kumtambua mtu anayemfahamu akikutana naye njiani? Hapo alisema hapana, kwa sauti ya chini. Ukurasa wa tisa ulitaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe jinsi uoni wake unavyoathiri maisha ya kila siku, na ulikuwa na mistari mitano.

"Mitano tu?" aliuliza.

"Wanadhani utafupisha."

Wote wawili walicheka, kwa mara ya kwanza siku ile.

Aliitwa kwenye tathmini baada ya mwezi na nusu, plasta imeshatolewa. Alikwenda na mkewe, lakini mkewe aliambiwa asubiri kwenye benchi la nje. Ndani alikuwamo afisa kijana, shati limenyooshwa vizuri, mafaili yamemlundikia pande zote mbili. Afisa aliinuka na kumnyooshea mkono. Fundi aliutafuta mgongo wa kiti, akakaa zake. Afisa aliurudisha mkono wake na uso ukamfunga.

"Soma ubao ule, kuanzia juu."

Sasa hapo ndipo fundi alipojiponza. Angeweza kusoma mistari miwili na kunyamaza, lakini mtu aliyekula kwa herufi ndogo maisha yake yote hawezi kuachia mstari katikati. Alishuka nao mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Halafu, kwa kuwa yalikuwapo, akasoma na maandishi ya chini kabisa, yanayotaja kiwanda kilichochapa ubao na namba ya toleo.

Afisa alipiga mluzi. "Mzee, macho kama haya ningepewa mimi! Kazi yako nini?"

"Nachonga mihuri."

"Mihuri. Kama huu?" Alimsukumia muhuri wa mezani.

Fundi aliugeuza, akauona ukingo wake uliosukwa kama kamba. Furaha ilimtoka kabla hajafikiri. "Huu nimeuchonga mimi! Mwaka wa tano sasa. Tazama kamba hii, mashine haiwezi."

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Ripoti ya daktari wa macho, na lile duara jeusi, ilikuwa nyuma kabisa ya faili, na faili halikufunguliwa mpaka huko.

"Amekuuliza nini?" mkewe alimwuliza njiani.

"Nilijibu nilichoulizwa."

"Umejisifu."

Fundi aliendelea kuhesabu hatua.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Ombi limekataliwa, uoni wa mwombaji umeonekana kuwa mzuri kuliko wastani wa watu wa umri wake. Chini kulikuwa na muhuri wenye ukingo wa kamba, umetulia vizuri, wino haujavuja hata nukta. Fundi alicheka mpaka machozi. "Nimekataliwa kwa mkono wangu mwenyewe!" Mkewe hakucheka. Alikuwa amejua, kama anavyojua kila kitu, kwamba mumewe amefurahi. Serikali nzima imeandika kwamba anaona. Fundi aliikunja barua akaitia mfuko wa shati, akatembea nayo siku kadhaa kama mtu aliyefaulu mtihani.

Jumamosi iliyofuata binti yao mkubwa alikuja na mtoto wake, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Katika nyumba ile watoto wote walikuwa wamekua wakijua kwamba sakafuni hakukaliwi njiani, lakini huyu alikuwa mgeni wa sheria hizo. Alikaa katikati ya sebule akipanga vifuniko vya chupa. Fundi alitoka chumbani kwa kasi yake ya kila siku, ile ya kuhesabu, na katika hatua ya nne kiatu chake kilikanyaga vidole vya mjukuu wake.

Mtoto alilia kilio kile kinachokatika katikati kwa kukosa pumzi. Fundi alisimama, hajui ageukie wapi, na mdomo wake ukafunguka wenyewe: "Nani ameweka—" Hakumaliza. Binti alikuwa ameshamnyakua mtoto. Vidole viwili vilivimba, havikuvunjika.

"Si kosa lako, baba," binti alisema, haraka mno, kwa sauti anayombembelezea mtoto.

Jioni ile fundi aliitoa barua mfukoni na kuiweka mezani mbele ya mkewe.

"Rufaa inaandikwaje?"

Bodi ya rufaa ilikuwa na watu watatu nyuma ya meza ndefu, na yule afisa kijana amekaa pembeni na faili lake. Mwenyekiti alikuwa mama wa sauti nzito, muuguzi mstaafu. Mkewe aliruhusiwa kuingia kwa sharti asiseme neno.

"Baba, hapa hatuna ubao wa herufi," alisema mwenyekiti. "Ripoti ya daktari tumeisoma. Tunataka utuelezee siku yako, tangu unapoamka."

"Naamka. Naoga. Nakwenda kazini, narudi."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini.

"Ndiyo yote?"

Fundi alikuwa amejiandaa usiku na mchana, na sasa maneno yote yamemtoroka. Kisha, nyuma yake upande wa kushoto, mkewe akakohoa. Mara moja tu. Mjumbe mmoja aliinua macho, lakini kukohoa hakukukatazwa.

"Niruhusuni nianze upya," alisema fundi.

Alianza kitandani. Alieleza anavyoshusha miguu na kupapasa viatu, anavyopitisha mkono ukutani akijifanya anaupima unyevu. Alieleza hatua mia tatu na kumi mpaka kituoni, na siku ambazo mtu amemsemesha njiani akapoteza hesabu, akasimama hapohapo akijifanya anatafuta kitu mfukoni mpaka asikie mlio anaoujua. Alieleza kwa nini hanywi chai kazini: akinywa atataka choo, na choo kiko upande wa pili wa barabara. Alisema habari za ndoo. "Watoto wangu wamekua wakiogopa ndoo. Kumbe wa kuogopwa nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa naogopa." Alisema habari za mjukuu na vidole vyake viwili. Mjumbe aliyekuwa akiandika alikuwa ameacha.

Alipomaliza, afisa kijana aliomba ruhusa ya kuuliza.

"Mzee, siku ile ulipoingia ofisini kwangu, mkono wangu..."

"Ulinipa mkono?"

"Nilikupa."

"Nisamehe, mwanangu. Sikuuona."

"Mimi nilidhani umenidharau," alisema afisa, na akainamia faili.

Mwenyekiti aliuliza kama anakusudia kuendelea na kazi. Fundi alisita, aliona hilo ndilo shimo la pili. "Nikisema naendelea, mtaninyima?"

"Sheria haikukatazi kuchonga, baba. Inauliza unafikaje kwenye meza yako."

Walimkubalia. Posho ya daraja la pili, kuangaliwa tena baada ya miaka mitatu, pamoja na fimbo nyeupe na wiki kumi na mbili za mafunzo ya kuitumia. Posho aliipokea kwa shukrani. Fimbo aliichukia. Aliitazama kama mtu aliyeletewa nguo za mtu mwingine, na siku ya kwanza aliyotoka nayo alitembea ameikunja kwapani mpaka mkewe akamrudisha.

Mtaani habari zilienea kabla hajafika. Mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa mteja wake wa miaka alipeleka kazi kwenye mashine, bila kuaga. Karani mmoja alileta muhuri, na fundi alipokuwa anachonga, alimpitishia vidole mbele ya uso kumjaribu. "Vidole vinne," alisema fundi bila kuinua kisu, "na kucha zinataka kukatwa." Hayo yaliuma kuliko alivyoonyesha. Lakini pia mama muuza mboga alivuta kigoda chake karibu siku ile ile.

"Kaka, mimi nimekusema sana."

"Nilikuwa nasikia. Masikio hayajawahi kuniuma."

"Sasa ungesema tu!"

"Ningesemaje, dada? Mimi mwenyewe nilikuwa sijajiambia."

Mafunzo alipewa na mwalimu asiyeona tangu kuzaliwa, mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka na maneno ya haraka zaidi. Hakumwonea huruma hata kidogo. "Tatizo lenu nyinyi mliobakiziwa kidogo," alimwambia siku ya kwanza, "ni kwamba mnaking'ang'ania hicho kidogo mpaka mnaanguka nacho. Fimbo iangalie chini. Macho yako yaangalie mbali. Kila mmoja na kazi yake." Walibishana kila somo. Fundi alidai fimbo inamchosha kiwiko. Mwalimu alidai anaishika kama mwiko.

Wiki ya sita walikwenda mjini kati, mtaa ambao fundi hakuwa ameukanyaga kwa miaka minane. Kazi yao ilikuwa kuifikia benki bila kumwuliza mtu. Mwalimu alitangulia, akihesabu milango kwa mlio wa fimbo yake, akageuka kushoto kwa uhakika mkubwa, na wote wawili wakajikuta mahali pa kimya pasipo mwangwi wowote, panaponuka plastiki mpya.

"Benki imebadilika," alisema mwalimu kwa mashaka.

Fundi aliinua macho, akayatembeza taratibu ukutani mpaka yakaangukia kibao, akakisoma.

"Ni duka la magodoro, mwalimu."

"La nini?"

"Magodoro. 'Lala kwanza, lipa baadaye.' Na chini, kwa herufi ndogo sana, 'masharti yanazingatiwa.'"

Muuzaji alikuwa ameshawajia, akiwauliza wanataka la kulala mtu mmoja au wawili. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa godoro. Walipomaliza kuomba radhi waligeuka, fundi akitafuta mlango kwa macho, mwalimu akitafuta kizingiti kwa fimbo, wakibishana kama benki iko mlango wa pili au wa tatu.